Ubeti Nilioombwa Niongeze

Mwishoni mwa kaskazi iliyopita alifariki fundi mmoja wa majahazi pale Matondoni, mzee aliyepindukia miaka themanini, nami nikamwandikia utenzi wa maombolezo wa beti 42. Sikuombwa. Niliandika kwa sababu mtu huyo ndiye aliyenipa kitabu cha kwanza maishani mwangu ambacho hakikuwa cha chuoni wala cha skuli, na kwa sababu kwa miaka thelathini na zaidi nilikaa naye kwenye vumbi la mbao kuliko nilivyokaa na mtu yeyote asiyekuwa wa nyumbani kwangu. Nilipoumaliza niliusoma barazani mbele ya watu saba au wanane. Waliusikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha mmoja wao, rafiki yangu wa siku nyingi na mtu wa kheri, akaniambia, "Utenzi ni mzuri, lakini umepungua ubeti mmoja. Ongeza ubeti wa toba."

"Toba ipi?" nikamwuliza.

"Useme kwamba mwisho alirejea."

Hakuna aliyekuwapo pale asiyejua kwamba fundi hakuwa akisali. Hakuwa mlevi, hakuwa mgomvi wa dini, wala hakupata kumkejeli mtu aendaye msikitini. Alizaliwa Mwislamu, akazikwa Kiislamu, na waliomwosha walimwosha vizuri. Lakini tangu ujana wake alikuwa na shaka, na shaka hiyo haikumwondoka. Nilipokuwa kijana nilimwuliza sababu. Alikuwa akinoa tezo. Akanijibu bila ya kuinua macho: "Mwanangu, shahada ni ushahidi. Mimi sijaona, na sitashuhudia nisichokiona." Hakuongeza neno, nami sikurudia kuuliza.

Kuhusu usiku wake wa mwisho, binti yake aliyekaa naye mpaka alfajiri alinieleza kwa sauti kavu: "Ami, baba hakusema neno la dini. Aliomba maji, kisha akaniuliza kama mvua inaingia bandani." Banda lenyewe ndilo lililokuwa na jahazi lake la mwisho, mataruma yakiwa wazi, upande wa kushoto haujapigwa mbao.

Ubeti wa toba, basi, ungekuwa uongo. Uongo wa heshima, uongo wa kumsitiri maiti, lakini uongo. Nilikataa. Na nilipokataa niliambiwa maneno ambayo ndiyo yaliyonikalisha kuandika makala haya. Niliambiwa kwamba bila ya ubeti huo utenzi wote hauna maana, kwa kuwa maisha ya mtu asiye na imani hayana kina cha kuimbwa. Maneno haya hayakuwa mapya masikioni mwangu. Siku ya hitima, msemaji mmoja alisimama akafananisha maisha yasiyo na ibada na jahazi lisilo na shehena: laelea, lapendeza machoni, lakini hakuna lipelekalo. Hakutaja jina, na hakuhitaji kulitaja. Pazia la upande wa wanawake halikuwa zito, na binti wa marehemu alikuwa nyuma yake. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikanyamaza. Kunyamaza kule ni deni, na hapa ndipo ninapolilipa.

Katika mijadala ya namna hii mtu huulizwa kwanza amesimama wapi, kwa hiyo nijitaje. Mimi nasali. Nafunga. Watoto wangu nimewapeleka chuoni kama nilivyopelekwa mimi. Sikuandika haya ili kumtoa mtu msikitini, wala kumtoa jirani yangu Mkristo kanisani. Sitaki pia kujadili kama Mungu yupo. Nani atakayelimaliza swali hilo katika kurasa chache za jarida la mashairi? Swali langu ni dogo zaidi, na kwa udogo wake halina pa kujificha: je, ni kweli kwamba mtu hawezi kuishi maisha yenye kina na maana bila ya imani ya dini? Nasema si kweli. Nasema pia kwamba sisi tunaoamini ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kusema hivyo.

Tuanze na neno lenyewe, maana wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa maneno. Kuna kina cha maji na kuna kina cha shairi. Cha kwanza ndicho kinachomfanya nahodha aogope au atulie. Cha pili ni ile silabi inayorejea mwishoni mwa kipande ili sikio lipate pa kutua. Matamshi ni mamoja, mambo ni mawili, na nadhani nusu ya ugomvi wetu imezaliwa hapo, kwa kuwa mara nyingi tunasikia cha pili tukadhani tumeshafika cha kwanza. Nani kati yetu asiyepata kusoma shairi la tarbia lililotimia mizani 16 kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimesimama wima kama walinzi wa mlangoni, na ukiingia ndani huoni mtu? Nimeyaandika mashairi hayo mwenyewe. Mengine yalichapishwa, na mengine, Mungu anisamehe, yalisifiwa.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe katika ziwa la Victoria, alichapisha diwani yake ya Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kawaida. Watu wa pwani, na wengi wa bara pia, walisema hayo si mashairi. Mabishano hayo yalidumu miaka mingi. Nami nilipoanza kuandika katika miaka ya tisini niliyakuta bado yana moto, nikajiunga na upande wa wenye vina. Bado niko upande huo. Sijaandika hata ubeti mmoja huru, wala sidhani nitaandika. Lakini nilipopata umri wa kusoma bila ya kutafuta ugomvi, niligundua kwamba nilikuwa nimeshindana na mtu ambaye maji yake yalikuwa marefu kuliko yangu. Hakuwa na vina. Alikuwa na kina.

Wapinzani wangu wa barazani ni watu wasomi, na mmoja wao alinirudia na Kezilahabi huyo huyo. "Hebu mtazame Kazimoto," alisema, akikusudia mhusika mkuu wa riwaya ya Kichwamaji, iliyotoka mwaka huo huo wa 1974. "Kijana msomi, hana imani, haoni maana ya lolote, mwisho ajiua. Hiyo ndiyo safari ya mtu asiye na dini." Hoja hii ina uzito na sitaipuuza. Ni kweli kwamba kuna utupu unaoua, na kwamba wako waliopoteza imani wakapoteza na kila kitu kilichofungwa humo. Lakini Kazimoto ni mhusika, hakujiandika mwenyewe. Aliyemwandika alilelewa katika Ukatoliki, akasoma seminari, akaiona riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika ya mwaka 1971, ikizuiwa mashuleni, kisha akaendelea kufundisha na kuandika na kuuliza, akatupa Nagona na Mzingile, hadi alipofariki Januari 2020. Mtu anayetumia maisha yake yote kuuliza kama maisha yana maana, tutamwambiaje kwamba maisha yake hayakuwa nayo? Na tukitaka kuhesabu waliokata tamaa, tuwe waadilifu: tuwahesabu pia waliokata tamaa wakiwa na tasbihi mkononi. Sote tumewazika.

Imani, kwa ninavyoielewa mimi ninayeishi nayo, inafanana sana na vina na mizani. Sala tano ndizo mizani za siku. Zinanizuia nisimwagike. Zinanipa pa kurejea ninapokuwa nimepotea katikati ya mshororo. Nazipenda kwa mapenzi yale yale ninayoyapendea mashairi ya Muyaka wa Mombasa, na sitaki kuishi bila ya hizo. Lakini hazinihakikishii kwamba ndani mwangu mna mtu.

Nimeahidi kulipa deni, kwa hiyo nimtaje fundi kwa alilolifanya na nililoliona kwa macho yangu. Aliwahi kuunda mashua kwa ajili ya tajiri mmoja mwenye vyombo kadhaa baharini. Mashua ilikuwa imekwisha. Kalafati ilikuwa imeshatiwa, pamba na mafuta, deheni imeshapakwa chini, na tajiri ameshalipa robo tatu ya fedha. Asubuhi moja fundi alizunguka na nyundo yake, akigonga mbao moja moja tangu omo hadi tezi, akasimama mahali fulani chini ya mstari wa maji. Akagonga tena. Mimi sikusikia tofauti yoyote. Akasema mbao hiyo ina ugonjwa ndani. Akaing'oa. Kuing'oa kulimlazimu kuziondoa na za jirani yake, kutafuta mbambakofi nyingine kwa fedha yake, kutia kalafati upya, kupaka upya. Wiki tatu zilipita na ile robo ya malipo ikapungua hadi kubaki kidogo cha aibu. Tajiri alikuja akakasirika. Alisema, na alisema kweli, kwamba mbao ile ingekaa miaka mitano au sita bila ya mtu kujua. Fundi akamjibu, "Watakaokuwa ndani si wewe."

Mara ngapi tumeambiwa katika mawaidha kwamba asiyemwogopa Mungu hana kitu kitakachouzuia mkono wake akiwa peke yake? Basi huyu hapa mtu aliyekuwa peke yake, chini ya chombo, mbele ya mbao ambayo hakuna jicho lingeiona, na ambaye kwa imani yake mwenyewe hakuna jicho lililokuwa likimtazama kutoka juu. Mkono wake ulizuiwa na nini? Alikuwa akiwafikiria mabaharia watano asiowajua majina. Mimi siwezi kuona ufupi wa maji hapo. Na kwa kuwa tumeshafika kwenye mbao, niseme pia kwamba mbao mbovu kuliko zote nilizowahi kununua kwa ajili ya nyumba yangu niliuziwa na mtu mwenye alama ya sijida kwenye paji la uso, aliyeniapia. Simtaji ili kuonyesha kwamba wasiosali ni bora; wamenidhulumu nao pia, tena bila ya kuniapia. Namtaja ili tuache kuhesabu shehena kwa kutazama bendera.

Hapo mwenzangu wa barazani hubadili njia, nami namheshimu kwa hilo. Husema: uadilifu ni jambo jingine, maana ni jambo jingine. Mtu mwema anaweza kuwa mwema na bado wema wake ukawa mavumbi, kwa kuwa kila kitu ni mavumbi, na hakuna kinachovuka isipokuwa kile kilichofungwa na Akhera. Kisha hunitolea Al-Inkishafi. Naam, kwa sisi wa upande huu wa pwani kila mjadala wa umauti huishia kwenye Al-Inkishafi, na ni haki yake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuambia moyo wake uamke, akauonyesha Pate iliyokuwa na fahari na sasa imekufa, majumba yale ya taa na mapambo, vile vidaka vya ukutani vya vyombo vya thamani, na viumbe wa mwituni waliovirithi. Mwisho akauonyesha Jahannamu kwa majina ya tabaka zake.

Nimeusoma utenzi huo mara nyingi kuliko nilivyosoma maandishi yoyote ya Kiswahili, na nimeusoma nikiwa Pate kwenyewe, nimekaa juu ya ukuta uliobaki, mbuzi wakila majani pembeni. Swali langu kwa kila aupendaye ni hili, na naomba ajibu kwa unyofu: ni beti zipi zinazokushika koo? Ni zile za Jahannamu? Mimi kila mtu niliyepata kumsikia akiughani alipunguza sauti alipofika kwenye majumba. Alipofika kwenye moto aliipandisha tena. Na nadhani mshairi mwenyewe ndivyo alivyokuwa. Alitaka kuufundisha moyo wake uidharau dunia, lakini hakuna mtu anayeidharau dunia akajua kuieleza namna ile, chumba kwa chumba, taa kwa taa. Aliipenda. Huzuni yake inatoka katika kuona vitu vizuri vikipita. Imani ilimpa huzuni hiyo mahali pa kwenda, lakini haikumpa huzuni yenyewe, wala jicho. Jicho lile lile, nakuapieni, alikuwa nalo fundi wangu, ambaye hakungojea kuvikuta vitu vizuri mahali pengine, na ndiyo maana hakuweza kuiacha mbao mbovu mahali pake.

Kwani ni nani aliyetuambia kwamba kitu kipitacho hakina maana? Mbona sauti ya mwimbaji hupita, na tunalia? Wimbo usiokwisha hata mlevi angeuondokea.

Ninayo hoja nyingine, na hii inatoka katika kazi yangu. Mimi ni mfasiri. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliacha skuli darasa la saba, nikajifunza Kiingereza kwa kamusi ya kuazima na Kiarabu kwa kuongeza juu ya kile kidogo cha chuoni, usiku, kwa taa ya mafuta, na kwa muda mrefu wa maisha yangu nilifasiri bila ya kujua kwamba kuna watu wanaolipwa kwa kufanya hivyo. Msomaji wa kawaida anaweza kudanganywa na maandishi. Mfasiri hadanganyiki kwa muda mrefu, kwa sababu hana budi kuibeba kila sentensi mkononi, aigeuze, aitafutie mwenzake katika lugha nyingine. Nahodha wa zamani alipoingia maji asiyoyajua alitumbukiza bildi, ile risasi iliyofungwa kwenye kamba, akangoja kusikia kama imegusa mchanga. Kufasiri ni kutumbukiza bildi. Na bildi haiulizi maji haya yametoka mto gani. Nimewahi kufasiri kijitabu cha mawaidha cha kurasa sitini kwa siku nne, sikusimama mahali popote. Risasi iligusa chini kila mara kabla kamba haijanyooka. Na nimewahi kukaa wiki nzima na mistari minne ya mtu aliyekuwa na shaka na kila kitu, nikaachia kamba yote, nikaongeza nyingine.

Kitabu kile alichonipa fundi, ambacho hakikuwa cha chuoni wala cha skuli, kilikuwa nakala isiyo na jalada, inayonuka mafuta ya sifa, ya Omar Khayyam kwa Kiswahili, kazi ya Shaaban Robert ya mwaka 1952. Shaaban alizifasiri rubai hizo kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald, ambaye naye alizitoa katika Kiajemi mwaka 1859. Wataalamu wanabishana hadi leo ni ngapi kati ya rubai hizo ni za Khayyam mwenyewe, yule bingwa wa hesabu wa Nishapur aliyefariki mwaka 1131, na kama divai iliyomo ni divai au ni ishara ya Kisufi. Wabishane. Katika Kiingereza cha FitzGerald, na katika Kiswahili cha Shaaban, msomaji anakutana na mtu aliyegonga mlango wa mbingu, hakufunguliwa, akarejea kuitazama bustani yake. Na ni nani aliyemkaribisha mtu huyo katika lugha yetu? Ni Shaaban Robert, Mwislamu asiyeficha dini yake, mtu aliyemwandikia binti yake Utenzi wa Hati kumfunza ibada na adabu. Alikuwa na kazi ya serikali ya kikoloni iliyokuwa ikimhamisha huku na huku, alikuwa na jamaa wa kulisha, hakuwa na saa za kuchezea. Mtu wa namna hiyo hatumii usiku wake kubeba maji ya kifundoni. Aliona kina, akakipima, na imani yake haikutikisika kwa kukiri kwamba kipo. Ningependa wapinzani wangu wanieleze walichokijua wao kuhusu imani ambacho Shaaban hakukijua.

Na kama Shaaban hatoshi, kwa kuwa watu wengine hawatulizwi ila na Kiarabu, twendeni Sham. Abu al-Ala al-Maarri alizaliwa mwaka 973 katika mji wa Maarrat al-Numan, akapofuka kwa ndui akiwa mtoto wa miaka kama minne, akafikia kuwa miongoni mwa washairi wakubwa wa lugha hiyo. Alikwenda Baghdad, akarejea kwao, na tangu hapo hadi alipofariki mwaka 1057 alijifungia nyumbani. Hakula nyama wala samaki, hakunywa maziwa, hakugusa asali, kwa kuwa aliona kwamba kila kimoja kati ya hivyo kimeporwa kwa kiumbe mwenye haki nacho. Katika mashairi yake aliitilia shaka dini moja baada ya nyingine, na wako wanavyuoni waliomwita zindiki. Mwaka 1047 Nasir Khusraw, mshairi na mtu mwenye imani kali ya Kiismaili, alipita katika mji huo akaandika katika kitabu cha safari yake kwamba kipofu huyo ndiye mkubwa wa mji, kwamba alivaa nguo ya kukwaruza na kula mkate wa shayiri, na kwamba zaidi ya watu 200 walikuwa wamekuja kutoka kila upande kusoma kwake. Khusraw aliyajua maneno yaliyosemwa juu ya dini ya mtu yule. Aliyaandika, kisha akaandika na sifa zake. Hakumwongezea ubeti wa toba. Karibu miaka elfu moja baadaye, mwaka 2013, wapiganaji waliouteka mji huo walilikata kichwa sanamu lake. Msomaji achague mwenyewe ni yupi kati ya hao aliyekuwa na imani iliyotulia.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo linaloniudhi zaidi, na ambalo lingepaswa kumwudhi kila aaminiye. Tunaposema kwamba bila ya imani maisha ni matupu, tunadhani tunaisifu imani. Lakini tazama tumeifanya nini. Tumeifanya dawa ya utupu, kitu ambacho mtu hukichukua kwa sababu akikosa ataumia. Yasimuliwa kwamba Rabia wa Basra, aliyefariki mwaka 801, alitembea njiani na moto mkono mmoja na maji mkono wa pili, atie moto Pepo na azime Jahannamu, ili watu waache kumwabudu Mola wao kwa tamaa na kwa hofu. Mwanamke huyo angesema nini juu ya msemaji wetu wa hitima? Mfanyabiashara anayeisifu bidhaa yake kwa kulitukana duka la jirani hunitia shaka na bidhaa yenyewe. Imani yangu haihitaji fundi awe mtupu ili yenyewe iwe imejaa. Kitabu chetu kimekataza kulazimishana katika dini. Je, kumlazimisha maiti, ambaye hawezi tena kujibu, hakumo katika katazo hilo? Na kumshuhudilia kwa nililojua si kweli, mimi ninayeamini kwamba nitaulizwa juu ya kila ushahidi nilioutoa?

Yapo aliyoyakosa fundi, na nisipoyasema nitakuwa nimeongeza ubeti wa uongo wa upande wa pili. Alikosa jamaa ya alfajiri, wale watu ambao hukuulizia usipoonekana siku mbili. Alikosa maneno. Alipofiwa na mkewe, miaka kumi na moja iliyopita, alikuja kwangu usiku, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kwenye kiti bila ya kusema. Mimi sikuwa na la kumwambia, nikashika msahafu nikaanza Yasin, kwa sauti ya chini, kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yake. Nilipofika katikati nilisita, nikadhani namkera. Akasema, "Endelea." Nikaendelea hadi mwisho. Kisha akasema kwamba yeye hana kitu kama hicho, na kwamba anajua hana. Alilisema bila ya uchungu, kama mtu anayesema hana mashua ya kumvusha na atangoja maji yapwe. Asubuhi nilimkuta bandani anaranda mbao.

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Mtu aliyejua alichokikosa, akakataa kujifanya anacho ili apate faraja, na akaibeba huzuni yake mikono mitupu hadi kazini! Wako watu wenye imani ambao hawakupata kamwe kuuliza kama wanachokisema wanakiamini. Nami nimekuwa mmoja wao kwa miaka mingi ya ujana wangu; nilisali kama nilivyovaa kofia. Kama leo sala yangu ina uzito wowote, sehemu ya uzito huo niliupata kwa kukaa karibu na mtu aliyekataa kutamka shahada kwa kuwa aliiona ni nzito mno kutamkwa bure. Ni nani kati yetu wawili aliyekuwa akiiheshimu zaidi wakati ule?

Aliko sasa sikujui, na halinihusu. Yuko Mwenye kuhukumu, wala hakuniteua mimi wala msemaji wa hitima kumsaidia. Ninachokijua ni alivyoishi hapa.

Rafiki yangu wa barazani bado amenuna, ingawa ameanza kunisalimu tena. Utenzi nimemkabidhi binti wa marehemu, beti 42, kwa mwandiko wangu. Aliusoma wote akiwa amesimama mlangoni, akasahihisha jina la mti mmoja nililolikosea, akaukunja akautia ndani ya kasha la vifaa vya baba yake. Jahazi la bandani linamaliziwa na kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Upande wa kushoto umeshapigwa mbao na wiki hii wanatia kalafati. Mwenye nalo ameamua kuliita Tawakali. Binti wa fundi amesema ni jina zuri.